Jibu la Serikali Limo Ukurasa Gani: Akili Unde na Kumbukumbu za Bunge kwa Mkazi wa Ufipa

Kila Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania linapoketi Dodoma, huacha nyuma yake kumbukumbu za aina nyingi ambazo mwananchi wa kawaida huzisikia kwa kipande kifupi katika taarifa ya habari na asizione tena. Yapo maswali ya wabunge na majibu ya mawaziri, ambayo huchukua sehemu ya kwanza ya kikao cha asubuhi. Zipo hati zinazowasilishwa mezani, yaani taarifa, ripoti za mwaka na randama za bajeti ambazo Serikali hulikabidhi Bunge rasmi. Ipo miswada, ambayo ni sheria zinazopendekezwa na ambazo bado hazijapitishwa. Yapo majedwali ya marekebisho, ambayo hubadilisha maneno ya miswada hiyo Bunge likiipitia kifungu kwa kifungu. Na zipo taarifa za Spika, hasa zile zinazolijulisha Bunge kwamba muswada fulani umepata kibali cha Rais na sasa ni sheria ya nchi. Mengi ya hayo huingia katika Taarifa Rasmi, ambayo wengi huiita Hansard, ikiwa imebeba jina la familia ya wapiga chapa wa London iliyochapisha mijadala ya Bunge la Uingereza katika karne ya 19. Makala haya yanahusu njia mpya ya kuzifikia kumbukumbu hizo, ambayo ni kuipa programu ya akili unde zana za kuzitafuta na kuzisoma moja kwa moja, na yanaitazama njia hiyo kutoka Sumbawanga, mji ulio mbali na Dodoma kwa safari ya barabara lakini uliofungamana na maamuzi ya Dodoma katika mambo mengi ya kila siku.

Kwa wakazi wa uwanda wa juu wa Ufipa, ulioinuka kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki, nyaraka hizo zina uzito unaopimika. Bei anayoipata mkulima wa Laela au Matai kwa gunia la mahindi hutegemea kwa sehemu kubwa kiasi ambacho Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, utanunua, na kama Serikali itaruhusu mahindi yavuke mpaka au itayazuia, kama ilivyokuwa mwaka 2017 usafirishaji nje ulipopigwa marufuku kisha ukaruhusiwa tena kabla mwaka haujaisha. Umeme wa Sumbawanga umetoka Zambia kwa miaka mingi, na mpango wa kuuunganisha mkoa na gridi ya Taifa kwa njia ya msongo wa kilovolti 400 inayotoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma ni miongoni mwa mambo ambayo wananchi hutamani kujua yamefikia wapi. Wavuvi wa Kirando, Kabwe na Kasanga walisimamisha shughuli zao kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, Ziwa Tanganyika lilipopumzishwa kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Wanaoishi jirani na shamba la Malonje wamefuatilia mgogoro wa ardhi kwa miaka, na habari zake zimefika hadi bungeni. Kila moja la mambo haya lina karatasi yake mahali fulani, yenye tarehe na jina la kiongozi aliyeitamka au kuiwasilisha, na tatizo la mwananchi ni kuipata.

Ufipa yenyewe inaijua vyema nguvu ya karatasi bungeni. Chrisant Mzindakaya, aliyeliwakilisha jimbo la Kwela kwa muda mrefu na aliyefariki mwaka 2021, alijulikana nchi nzima kwa jina la mzee wa mabomu, kwa sababu ya hoja nzito alizokuwa akiziibua dhidi ya maamuzi ya wakubwa wa Serikali. Hoja za namna hiyo hazisimami kwa sauti ya msemaji peke yake; husimama kwa nyaraka ambazo mwingine anaweza kuzifungua na kuzihakiki. Mbunge ana maktaba ya Bunge na watumishi wa kumsaidia kuzipata, ilhali diwani wa kata ya Wampembe, mwandishi wa redio ya Sumbawanga au mjumbe wa serikali ya kijiji hana msaada huo, na hapo ndipo suala la zana mpya linapopata maana yake.

Akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, kwa maana inayohusika hapa ni modeli kubwa ya lugha, yaani programu iliyofunzwa kwa maandishi mengi mno hadi ikaweza kukisia kwa ustadi neno linalofaa kufuata maneno yaliyotangulia. Ustadi huo ndio unaoiwezesha kujibu swali kwa sentensi zinazosomeka vizuri, na huohuo ndio chanzo cha hatari yake kubwa, kwa kuwa modeli iliyozoea mtindo wa majibu ya mawaziri inaweza kuandika jibu ambalo hakuna waziri aliyewahi kulitoa, likiwa na namba ya swali, tarehe na jina la barabara, na yote hayo yakawa ya kubuni. Juni 2023 mahakama ya shirikisho mjini New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 katika shauri la Mata dhidi ya shirika la ndege la Avianca, baada ya kubainika kwamba walikuwa wamewasilisha hukumu zilizobuniwa na programu ya ChatGPT. Mawakili hao walikuwa na kila nyenzo ya kuhakiki. Mkulima wa Mtowisa anayeuliza kwa simu kuhusu ahadi ya daraja hana maktaba ya sheria karibu naye, na jibu lenye sura ya ukweli likimfikia atalipeleka kwenye mkutano wa kijiji kama lilivyo.

Dawa inayotumika sasa ni kuizuia modeli isijibu kwa kumbukumbu yake, na badala yake kuipa zana. Zana, katika fani hii, ni programu ndogo yenye kazi moja iliyoelezwa wazi: jina lake, inachofanya, na taarifa inazozihitaji ili ifanye kazi hiyo. Modeli inayoweza kuamua yenyewe kwamba swali hili linahitaji zana ile, ikaiandikia ombi, ikasoma matokeo, na pengine ikaomba tena kabla ya kujibu, huitwa wakala. Utaratibu wenyewe haupishani sana na ule wa ofisi ya Serikali ya zamani, ambamo karani hakutegemewa kukariri mafaili, bali alitegemewa kujua namna ya kuandika kikaratasi cha kuomba jalada masijala, kulisoma lilipoletwa, na kulinukuu kwa namba yake. Karani aliyejibu barua bila kulifungua jalada alikuwa hatari kwa ofisi nzima hata kama mwandiko wake ulikuwa mzuri. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ya Marekani ilitoa itifaki ya wazi iitwayo Model Context Protocol, ambayo huweka kanuni za pamoja za namna wakala anavyotambulishwa kwa zana na anavyozungumza nazo, ili zana moja ya kusoma kumbukumbu za Bunge iweze kutumiwa na mawakala wa kampuni mbalimbali bila kuandikwa upya.

Mfano ulio wazi zaidi wa zana za aina hii unapatikana Marekani. Mwaka 2022 Maktaba ya Bunge la nchi hiyo ilifungua kiolesura cha umma cha Congress.gov, yaani mlango ambao programu, na si binadamu tu, inaweza kuupitia na kuomba kumbukumbu kwa mpangilio maalumu. Miongoni mwa kumbukumbu hizo yamo mawasiliano rasmi yanayopelekwa katika Baraza la Wawakilishi na Seneti: barua na ripoti kutoka wizara na idara, ujumbe wa Rais, maombi ya wananchi, na maazimio ya majimbo. Kila barua ina namba yake, Bunge la awamu ya ngapi lililoipokea, idara iliyoituma, kamati iliyokabidhiwa, na hata kifungu cha sheria kilichoilazimisha idara hiyo kutoa ripoti. Watengenezaji programu huru wamekwisha kuandika zana zinazomwezesha wakala kuulizia barua hizo kwa aina na namba zake. Kinachostahili kutazamwa hapo ni kazi ya kikarani iliyotangulia kompyuta, kwa kuwa bila ya namba isiyobadilika na orodha iliyotunzwa kwa uangalifu, zana ingekuwa haina cha kuomba.

Afrika Mashariki imepata somo lake kwa njia nyingine. Kenya ina mfano wa zamani wa Mzalendo, jukwaa lililoanzishwa mwaka 2005 na Ory Okolloh na Conrad Akunga ili kuonyesha wabunge wanasema na kufanya nini, wakati ambapo taarifa hizo zilikuwa ngumu kupatikana mtandaoni. Miaka 19 baadaye, Juni 2024, vijana wa nchi hiyo walitengeneza programu za mazungumzo zilizopewa Muswada wa Fedha wa mwaka huo, ili yeyote aulize kifungu kinasema nini na akajibiwa kwa lugha rahisi. Lilikuwa jambo kubwa, na lilionyesha kiu ya wananchi ya kusoma sheria wenyewe. Hata hivyo lilikuwa na upungufu usioonekana mara moja: tarehe 18 Juni ilitangazwa kwamba baadhi ya mapendekezo, likiwemo la kodi ya ongezeko la thamani kwenye mkate na lile la kodi ya magari, yameondolewa, na tarehe 26 Juni Rais William Ruto akaukataa muswada wote. Programu iliyopewa hati moja, hata ikiisoma kwa uaminifu kamili, ingeendelea kueleza kodi ya mkate ambayo haikuwepo tena mezani. Wakala mwenye zana angeweza kuuliza kwanza kama kuna jedwali la marekebisho, ripoti ya kamati au taarifa ya Spika iliyotolewa baada ya hati anayoisoma.

Ipo pia kazi nyingine ya kanda hii ambayo haitajwi inavyostahili. Katika miaka ya 2000, chini ya mpango wa Umoja wa Mataifa wa kusaidia mabunge ya Afrika kutumia teknolojia, wataalamu waliokuwa na ofisi Nairobi walitengeneza mfumo wa kusimamia shughuli za bunge wakauita Bungeni, na pamoja nao wakatengeneza kanuni za kuandika nyaraka za bunge kwa namna ambayo kompyuta inazielewa, wakaziita Akoma Ntoso kwa lugha ya Kiakani ya Ghana. Chini ya kanuni hizo hotuba hutambulishwa kuwa ni hotuba, swali kuwa swali, msemaji kuwa msemaji, na kila aya hupata anwani yake, hivi kwamba anayenukuu jibu la waziri anaweza kumwelekeza msomaji kwenye aya yenyewe badala ya faili zima la kurasa mia. Mwaka 2018 kanuni hizo zilithibitishwa kuwa kiwango cha kimataifa. Zilizaliwa kwa ajili ya mabunge ya Afrika, na leo zinatumika au kuigwa mbali na Afrika. Ni haki kusema kwamba bara hili lilikwisha kuandaa msingi ambao mawakala wa akili unde wanauhitaji, miaka mingi kabla ya mawakala hao kuwepo.

Upande wa Tanzania, mali ipo na ni nyingi. Ofisi ya Bunge ilianzisha mapema mfumo wa taarifa za Bunge mtandaoni uliojulikana kama POLIS, na tovuti yake imekuwa ikitoa Hansard, orodha za shughuli, miswada na maswali pamoja na majibu yake. Mahakama ya Tanzania ina TanzLII, hazina ya wazi ya hukumu na sheria. Gazeti la Serikali hutoka kila juma, likiwa na miswada, sheria na matangazo ya kanuni zinazotungwa na mawaziri chini ya sheria mama. Mahakama hiyohiyo, kwa kushirikiana na kampuni ya Almawave ya Italia, imeingiza mfumo wa akili unde wa kunukuu na kutafsiri mwenendo wa mashauri, jambo linaloonyesha kwamba taasisi za umma nchini haziogopi kazi hii. Zaidi ya yote, Hansard ya Tanzania kwa sehemu kubwa mno imeandikwa kwa Kiswahili, na Kiswahili kimefanywa lugha ya sheria kwa marekebisho ya mwaka 2021, hivyo mkazi wa Namanyere hahitaji mkalimani ili aelewe kilichosemwa.

Kinachokosekana ni mpangilio. Hansard nyingi zimehifadhiwa kama faili za PDF, ambazo ni picha ya ukurasa kuliko kumbukumbu iliyopangwa. Jina la mbunge, namba ya swali, wizara inayojibu na neno la Makofi lililowekwa katika mabano vyote vimo katika mkondo mmoja wa herufi, na kila aya ya jibu huanza kwa kumtaja Mheshimiwa Spika, kiasi kwamba programu isiyofundishwa vizuri hushindwa kujua jibu la msingi limeishia wapi na swali la nyongeza limeanzia wapi. Namba ya swali peke yake haitoshi kulitambulisha swali hilo. Lazima iambatane na Bunge la ngapi, Mkutano wa ngapi, Kikao cha ngapi na tarehe. Zana nzuri ya Bunge la Tanzania ingeanza kwa kulifanya hilo: kuvipa vipande hivyo vinne nafasi zake na kukataa kutoa nukuu isiyokuwa navyo vyote.

Jambo gumu zaidi, na ambalo mtaalamu wa nje asingelitambua, liko katika lugha yenyewe ya majibu ya Serikali. Waziri anapolijibu swali la barabara, mara nyingi husema kwamba ujenzi utafanyika kadiri ya upatikanaji wa fedha. Maneno hayo matano ndiyo uzito wa jibu zima, kwa sababu yanaigeuza ahadi kuwa nia. Modeli ya lugha inayotakiwa kufupisha jibu huelekea kuacha maneno yanayorudiwarudiwa, na maneno haya hurudiwa sana, hivyo muhtasari unaotoka husema kwamba Serikali itajenga barabara, na mwananchi hubaki akihesabu miezi. Vivyo hivyo kwa maneno upembuzi yakinifu, yaani uchunguzi wa kuona kama mradi unafaa na utagharimu kiasi gani, na usanifu wa kina, yaani uchoraji wa mradi hadi kufikia michoro ya kumkabidhi mkandarasi. Mradi uliomaliza upembuzi yakinifu haujaanza kujengwa, na baina ya usanifu wa kina na mkandarasi kufika eneo la kazi inaweza kupita miaka kadhaa. Wakala anayetumikia wananchi wa Rukwa anapaswa kunukuu sentensi ya waziri kama ilivyo kabla ya kuieleza, na maelezo yake yataje hatua iliyofikiwa kwa jina lake. Bunge la India, kupitia baraza lake la Lok Sabha, limekuwa tangu mwaka 1953 na kamati maalumu ya kufuatilia ahadi zilizotolewa na mawaziri, ambayo huchambua ni maneno gani yahesabiwe kuwa ahadi. Kazi hiyo ya uchambuzi inahitajika vilevile kwa maneno ya Kiswahili cha Dodoma, na inahitaji watu wanaokijua Kiswahili hicho.

Wakati nao unadai uangalifu wake. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilijengwa kwa lami kwa msaada wa Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, chini ya mkataba uliotiwa saini Februari 2008, na kabla ya lami hiyo kukamilika yapo majibu ambayo kwa wakati wake yalikuwa sahihi kabisa lakini leo yangempotosha msomaji. Wakala anayeletewa na zana vipande vitano vinavyolingana na swali, bila kupangwa kwa tarehe, anaweza kuchagua cha mwaka 2009 kwa sababu tu maneno yake yanafanana zaidi na maneno ya muulizaji. Kwa mambo kama umeme wa Sumbawanga, thamani kubwa si jibu moja la mwisho, bali mfululizo wa majibu yote kwa mpangilio wa miaka, ili diwani aone ni sababu zipi zilitolewa, tarehe zipi zilitajwa, na zipi zilipita.

Majina ya mahali yana mitego ambayo wenyeji wanaifahamu na mashine haiifahamu. Hadi mwaka 2012, kabla ya Mkoa wa Katavi kuanzishwa, Mpanda ilikuwa ndani ya Rukwa, na Mizengo Pinda, Waziri Mkuu kati ya mwaka 2008 na 2015, alihesabiwa kuwa mtu wa Rukwa katika nyaraka za miaka yake ya kwanza. Anayetafuta neno Rukwa katika Hansard za wakati huo atapata reli na migodi ya Mpanda, na anayetafuta Katavi katika miaka hiyo atapata habari za hifadhi ya wanyama. Kalambo lilikuwa jimbo la uchaguzi kabla ya kuwa wilaya, tena ni jina la mto na la maporomoko yaliyo mpakani na Zambia. Kwela ni jimbo na si wilaya, hivyo mkazi wa Muze au Ilemba katika bonde la Ziwa Rukwa, anayejitambulisha kwa kijiji chake au kwa halmashauri ya Sumbawanga, asipoambiwa atafute Kwela anaweza kukosa maswali yote yaliyoulizwa kwa niaba yake. Muulizaji naye hasemi kama Hansard inavyosema: atauliza lami itafika lini, ilhali kumbukumbu inasema kujenga kwa kiwango cha lami; atauliza mahindi yatanunuliwa lini, ilhali kumbukumbu inasema kutoa fedha kwa ajili ya ununuzi wa nafaka. Orodha ya kuoanisha majina na misemo hii inaweza kutengenezwa na walimu, waandishi na maafisa wa halmashauri wa Rukwa kwa muda usio mrefu, na ingeifaa zana kuliko ongezeko lolote la ukubwa wa modeli.

Kuhusu sheria zenyewe, wakala hana budi kufundishwa mlolongo mzima. Muswada uliochapishwa katika Gazeti la Serikali si lazima ulingane na uliopitishwa, kwa sababu ya majedwali ya marekebisho. Uliopitishwa si sheria hadi Rais atoe kibali. Na sheria iliyopata kibali huenda isianze kutumika hadi waziri atangaze tarehe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 lakini ilianza kutumika 1 Mei 2023, na katika miezi hiyo ya katikati jibu sahihi kwa swali kama sheria hiyo inamlinda mwananchi lilikuwa kwamba imetungwa na bado haijaanza. Zipo pia kanuni na matangazo ya mawaziri ambayo humgusa mvuvi au mfanyabiashara wa mahindi mapema kuliko sheria mama, na hayo hayapitii mjadala wa Bunge kwa namna ya muswada. Zana inayosoma Hansard peke yake ingeyakosa, kwa hiyo wakala anahitaji angalau milango mitatu: ya Bunge, ya Gazeti la Serikali na ya hazina ya sheria.

Masharti ya usalama ni machache na hayana utata. Zana iwe ya kusoma tu, isiyoweza kubadilisha kumbukumbu wala kutuma chochote kwa jina la mtu. Maandishi yaliyomo ndani ya hati yachukuliwe kuwa ni habari ya kusomwa, kamwe yasiwe amri kwa wakala. Na maswali ya wananchi yasihifadhiwe pamoja na majina yao, maana anayeuliza kuhusu mgogoro wa ardhi asingependa ijulikane kwamba ndiye aliyeuliza. Muhimu kupita yote ni ruhusa ya kusema kwamba hakuna kilichopatikana, na kueleza palipotafutwa: Mikutano ipi, miaka ipi, kwa maneno gani. Jibu la namna hiyo linamwacha muulizaji na kazi ya kufanya, ilhali jibu la kubuni humfungia njia.

Ni busara pia kutambua kwamba watumiaji wa kwanza hawatakuwa kila mwenye simu. Simu nyingi vijijini si za intaneti, na wazee wengi wa Ufipa hupendelea kuzungumza Kifipa, Kimambwe au Kilungu, lugha ambazo modeli za sasa hazina maandishi yake ya kutosha kuzimudu. Faida itapita kwanza kwa watu wa kati: mtangazaji wa redio anayeandaa kipindi cha asubuhi, mtendaji wa kijiji anayejiandaa kwa mkutano mkuu unaopaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, diwani anayekwenda kwenye baraza, mwalimu wa uraia. Wao ndio watakaosoma ukurasa ulionukuliwa na kuueleza kwa lugha ya nyumbani.

Hata wakala aliyekamilika atafika mahali akwame, na mahali hapo panajulikana tangu sasa. Hansard hutaja kwamba hati fulani imewasilishwa mezani na kutaja kiongozi aliyeiwasilisha, lakini mara nyingi hutoa kichwa cha hati tu. Taarifa za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambazo Ibara ya 143 ya Katiba inataka zifikishwe bungeni, huchapishwa na kusomwa na wengi. Ripoti nyingine nyingi za mashirika na wizara hubaki kichwa cha habari ndani ya orodha. Kwa hati kama hizo, wakala anaweza kumwambia mwananchi wa Sumbawanga kwamba ripoti ipo, siku iliyowasilishwa na wizara iliyoileta, kisha amsaidie kuandika barua ya maombi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa raia haki ya kuomba taarifa kwa mamlaka za umma, isipokuwa zile ambazo sheria imezizuia, na inayoitaka mamlaka ijibu katika muda usiozidi siku 30. Barua inayotaja jina kamili la hati, Mkutano, Kikao na tarehe iliyowekwa mezani humwondolea afisa anayeipokea haja ya kuuliza ni hati ipi inayotakiwa, na siku hizo huanza kuhesabiwa tangu siku ombi lilipopokelewa.